Eti "mati ni mati"? Mama mwenye mwili mkubwa na usingizi wa mlimani (posti 1 hadi 6)

POSTI YA 1

Leo siongelei chanjo wala uji wa lishe. Naongelea mahali pa kulala, na sio nyumbani, ni mlimani.

Msimu ndo huo unakuja. Kila mwaka ikikaribia tarehe 9 Desemba vikundi vinaanza kuchangishana kwenda kupanda Kilimanjaro kusherehekea Uhuru, na siku hizi wanawake tumo kwa wingi. Kuna kikundi cha VICOBA, cha kwaya, cha kazini, kuna wale wa mazoezi ya alfajiri. Wengine hawaendi Kilimanjaro, wanaenda Usambara au Uluguru na watoto, siku mbili tatu, hema na sufuria. Safi sana. Na kwenye kila kikundi tupo akina sisi: kilo 90, kilo 105, kilo 120, tumezaa mara tatu, mwili umekaa unavyotaka wenyewe. Naandika kwa ajili yetu.

Inboksi yangu imejaa swali moja kwa sura tofauti: "Nesi, kutembea naweza, pumzi ninayo, lakini kulala chini kunanishinda. Nikilala ubavu nyonga inawaka moto. Nikilala chali mikono inaangukia chini na kuganda kwa baridi. Je, ni uzito wangu?"

Majibu wanayopewa huko kwenye magrupu ndiyo yamenitoa jikoni nije kuandika. La kwanza: "Wewe si una godoro lako la asili, utasikiaje ugumu?" Hilo linasemwa kwa kicheko. La pili: "Mati ni mati mama, kila mtu analalia hiyohiyo." La tatu, linalosemwa kwa sauti ya upole kana kwamba ni ushauri: "Punguza mwili kwanza, mlima hauhami."

Yote matatu ni uongo, na kuna wanawake wameshaacha kupanda mlima kwa sababu yake. Wamerudi nyumbani wakiamini kwamba mwili wao ndio umewaangusha, wakati kilichowaangusha ni kipande cha sponji chenye unene wa kidole.

Ninaposema kigodoro humu, jamani, sio kile cha uswahilini cha kukesha na muziki. Tusije tukapotezana.

POSTI YA 2

Nianze na hilo la godoro la asili, maana linaniudhi kuliko yote, na ni eneo langu la kazi.

Aliyewahi kuuguza mtu wodini ameona manesi wanavyomgeuza mgonjwa asiyejiweza, kama kila baada ya saa mbili. Ubavu wa kulia, chali, ubavu wa kushoto. Hatufanyi vile kwa kupenda kusumbua watu. Mtu akilala, uzito wake hausambai sawasawa. Unarundikana kwenye sehemu chache ambako mfupa uko karibu na ngozi: nyonga, bega, kisigino, kifundo cha mguu, ule mfupa wa juu kidogo ya makalio. Hapo nyama inabanwa kati ya mfupa na kitanda, damu inapita kwa shida au haipiti kabisa. Ikikaa hivyo muda mrefu, ngozi inakufa. Hivyo ndivyo vidonda vya mgandamizo, na ni rahisi sana kuvizuia kuliko kuvitibu.

Sasa sikiliza. Wagonjwa wembamba sana wanavipata. Na wagonjwa wenye miili mikubwa WANAVIPATA. Hakuna nesi aliyekaa wodini miaka miwili atakayekwambia kwamba unene ni kinga. Mafuta ya mwili sio sponji ya dukani. Yana mishipa michache ya damu kuliko msuli, na juu ya nyonga ileile ambayo mwembamba anayo, wewe una mzigo zaidi unaosukuma kwenda chini. Kwa hiyo anayekucheka kwamba una godoro la asili hajui mwili wa binadamu. Mwambie nesi kasema.

Nisikutishe lakini. Usiku mmoja juu ya mati mbovu hautakupa kidonda, kwa sababu wewe ni mzima na mwili wako unajigeuza wenyewe. Maumivu yanapoanza, ubongo unakushtua kidogo, unageuka, unalala tena. Shida iko hapohapo. Kwenye godoro zuri unageuka mara chache na wala hukumbuki. Kwenye sponji nyembamba unashtuliwa kila baada ya muda mfupi, usiku kucha, na kila kugeuka ndani ya hema finyu, umejifunga kwenye begi la kulalia, ni kazi kamili. Asubuhi unasema "nimelala lakini sijapumzika".

Halafu huko juu usingizi ni mgumu hata kwa mwenye kilo 55. Hewa ni nyepesi, pumzi inakatika katika, unaamka. Wanaotumia Diamox wanajua pia habari ya mkojo: unatoka mara tatu usiku. Ukichanganya na nyonga inayowaka, kufikia kambi ya mwisho una deni la usingizi la siku nne tano. Na ni usiku huohuo mnaamshwa karibu saa sita kuanza kupanda kileleni, mita 5,895.

Hapo ndipo mwenzetu anakaa juu ya jiwe na kusema siwezi. Kiongozi anaandika moyoni, "alikuwa mnene mno". Mimi ningeandika: hakulala tangu Jumatatu.

Na tafadhali, dawa za usingizi usijipe mwenyewe huko juu. Zipo zinazopunguza nguvu ya kupumua, na mlimani pumzi yenyewe ni ya kuhesabu. Pombe vilevile. Diclofenac nazo mnazomeza kila jioni kwa ajili ya nyonga, mkiwa mmetembea saa saba na maji hamjanywa ya kutosha, si rafiki wa figo wala wa tumbo. Kama nyonga inauma kwa sababu ya mahali pa kulala, rekebisha mahali pa kulala.

POSTI YA 3

Haya, "mati ni mati". Hebu tupime.

Kile kigodoro cha sponji ngumu kinachokunjwa kama kinanda cha akodioni, au kuviringishwa na kufungwa nje ya begi, kina unene wa kama sentimita 2 na upana wa sentimita 51. Huo upana wa 51 ndio wa kawaida duniani, hata kwa vile vya upepo vya bei mbaya. Wenye mwili mpana hutengenezewa wa sentimita 64, lakini makampuni mengi ya kupandisha watu mlima hayaununui, kwa sababu hakuna mteja anayeuuliza.

Fanya jaribio leo usiku. Chukua kanga, ikunje mara moja kwa urefu. Kanga ina kama sentimita 110 kwenda juu, kwa hiyo ukiikunja inabaki kama 55, yaani kubwa kidogo kuliko mati ya kawaida. Itandaze sakafuni, lala chali, mikono ubavuni, mwambie mtoto aangalie nini kimetoka nje ya kanga. Kama viwiko na nusu ya mkono viko sakafuni, wewe unahitaji upana wa 64. Hapa hatupimi kilo, tunapima mabega na nyonga. Kuna mama wa kilo 85 mwenye mabega mapana anayehitaji 64, na kuna wa kilo 95 anayetosha kwenye 51 kwa sababu analala ubavu kama kamba.

Ndiyo maana nasema ukiwa na hela ya kuongeza kitu kimoja tu, ongeza UPANA kwanza. Watu wanakimbilia unene. Kigodoro kinene sana lakini chembamba kwa upana ni kama kulala juu ya gogo: ukitikisika unabingirika, usiku mzima misuli ya mgongo inafanya kazi ya kukushikilia. Mwenye mwili mkubwa anabingirika haraka zaidi maana kiini cha uzito wake kiko juu zaidi ya kigodoro. Vile ambavyo mirija ya pembeni ni minene kuliko ya katikati vinasaidia kukurudisha ndani.

Baada ya upana, unene, na hapo inategemea unavyolala. Wa chali anaweza kuridhika na sentimita 5. Wa ubavu mwenye nyonga pana, mimi sikushauri kushuka chini ya 7 kama ni cha upepo mtupu.

Cha tatu ni baridi, na hapa watu wanapigwa hela. Joto linatoroka kwenda ardhini kuliko unavyofikiri. Begi la kulalia haliwezi kukusaidia upande wa chini, kwa sababu manyoya au pamba yake ukiilalia inabanwa, hewa inatoka, na hewa ndiyo iliyokuwa inatunza joto. Sisi wazito tunaibana zaidi. Kwa hiyo kinachokutenga na ardhi ni kigodoro. Uwezo huo una namba, inaitwa R, na tangu 2018 kuna kipimo kimoja cha pamoja ambacho makampuni makubwa ya vifaa hivi yameanza kukifuata. Namba ikiwa kubwa, baridi inapita kidogo. Ile sponji ya sentimita 2 iko kwenye R ya 2 hivi: inatosha Lushoto, inatosha Morogoro. Kwa kambi za juu za Kilimanjaro, kama Barafu iliyo zaidi ya mita 4,600, ambako maji ya chupa yanaganda ndani ya hema, tafuta 4 au zaidi.

Habari njema, na hii ndiyo itakayokuokolea hela: R zinajumlishwa. Ukiweka kigodoro chenye R 2 chini na kingine chenye R 3 juu yake, una 5. Ikumbuke hiyo, tutairudia.

Yale magodoro ya upepo ya kuogelea na ya wageni, ya plastiki nene, yasiyo na kitu ndani ila hewa, usiyabebe mlimani. Hewa ndani yake inazunguka, inachukua joto lako na kulipeleka ardhini. Ni manene na bado utaganda.

POSTI YA 4

Hii ndiyo posti ya kuhifadhi. Nakupa kipimo cha wodini, bure.

Tunapomlaza mgonjwa kwenye godoro la upepo la kuzuia vidonda, hatuamini kwa macho. Nesi anapitisha mkono chini ya godoro, kiganja kikiangalia juu, usawa wa sehemu nzito ya mwili, kawaida chini ya makalio au nyonga. Kama mkono unausikia mwili umekaa juu yako moja kwa moja, godoro limezama, halifanyi kazi, ni pambo. Panatakiwa pabaki kama inchi moja, sentimita mbili na nusu, ya godoro lililo hai kati ya mkono na mwili.

Kwenye kigodoro cha mlimani fanya hivyohivyo. Kijaze, lala UBAVU, sio chali, maana ubavuni ndipo uzito unakusanyika. Mwambie mume, shoga au mtoto mkubwa apitishe mkono chini ya kigodoro usawa wa nyonga, halafu usawa wa bega. Kisha piga magoti katikati, maana hivyo ndivyo utakavyoinuka usiku. Goti likigonga chini wakati wa kuinuka, hilo ni la kawaida, linavumilika. Nyonga ikigonga chini wakati umelala, usinunue. Hata kama ni cha Ulaya. Hata kama muuzaji anaapa.

Baadhi ya makampuni huandika kikomo cha uzito kwenye karatasi ya kigodoro, mengine hayaandiki kabisa. Kikiandikwa kiheshimu, lakini kikomo kinakwambia kwamba hakitapasuka. Hakikwambii kwamba utalala. Mkono ndio unaokwambia.

Ukijaza, usikijaze mpaka kilie kama ngoma. Wengi wenye mwili mkubwa hufanya hivyo wakiogopa kuzama. Kikiwa kigumu mno kinarudi kuwa sakafu: nyonga haizami hata kidogo, uzito wote unakaa sehemu moja. Kijaze kabisa, lala ubavu, halafu fungua valvu kidogo kidogo utoe hewa mpaka bega na nyonga vizame lakini mkono upite kile kipimo. Hapo ndipo pako. Kariri jinsi kinavyojisikia ukikibonyeza, maana hemani gizani hutakuwa na mtu wa kukupimia.

Kingine: hewa ya pumzi yako ni ya moto na ina unyevu. Saa moja jioni unakijaza vizuri, saa nne hewa ndani imepoa, imesinyaa, kigodoro kimelegea, na wewe unadhani kimetoboka. Kiongeze kidogo kabla ya kulala, basi. Na kuliko kupuliza kwa mdomo kule juu ukaona nyota mchana, tumia mfuko wa kujazia. Vigodoro vingi vizuri vinakuja nao. Mchana ukitembea acha valvu wazi, hasa unapopanda, maana hewa iliyofungiwa inatanuka kadiri unavyokwenda juu. Usikiache kimejaa juani pia.

POSTI YA 5

Hela sasa. Najua ndio mlikuwa mnangoja.

Sikatai, kuna vigodoro vizuri sana vya bei ambayo ni ada ya muhula mzima. Kama unayo, nunua, Mungu akubariki. Mimi ni mwajiriwa mwenye watoto kama nyie, kwa hiyo naongea na asiyekuwa nayo.

Njia ninayoiamini ni tabaka mbili. Chini, sponji ngumu ile isiyonyonya maji. Juu, kigodoro cha upepo cha kawaida, kipana, hata kama R yake ni ndogo. Ya chini inabeba baridi, inazuia miiba isitoboe cha juu, na usiku cha juu kikitoboka haujalala juu ya mawe. Ya juu inabeba nyonga. Viwili hivi kwa pamoja mara nyingi ni nafuu kuliko kimoja cha kifahari, na kila kimoja kina kazi nyingine nyumbani.

Hiyo sponji ya chini huenda unayo tayari. Yale mazulia ya watoto ya kuunganisha kama chemshabongo, yenye herufi na namba, ni sponji ya aina hiyohiyo ya vyumba vilivyofungwa, hainyonyi maji. Vipande vyake vinashikana, unavipanga kwa umbo unalotaka. Ukikosa, mati ya mazoezi ya yoga iliyo nene. Na hapa kuna ujanja mdogo: huhitaji unene sawa mwili mzima. Miguu haina uzito mkubwa. Weka tabaka la ziada kuanzia bega mpaka chini ya nyonga tu, kwa mtu wa kawaida ni kama sentimita 90, miguuni laza begi lako lililobaki tupu na nguo. Mzigo unapungua, raha inabaki palepale.

Sponji ya kawaida ya kochi au godoro la kitandani, ile laini ya kukata kwa mita, msiibebe. Ni kubwa, inanyonya maji kama chapati kwenye mchuzi, na chini ya kilo 100 inalala bapa dakika kumi tu.

Aina ya tatu ni vile vinavyojijaza vyenyewe, vina sponji ndani na valvu. Ni vizito, vingi vinakaribia au kupita kilo moja, lakini havitikisiki, vinadumu, na kwa mama mwenye magoti mabovu ni rahisi kuinukia. Ukikipata chenye unene wa sentimita 5 na upana wa 64, kwa hema la familia siwezi kukukataza hata kidogo.

Mitumba je? Nenda! Memorial pale Moshi, Karume Dar, na majirani zetu wa Nairobi wanajua wanachookota Toi na Gikomba. Vifaa vya mlima vinapita humo vingi na wauzaji wengine hawajui ni nini, wanaviita "magodoro ya bichi". Kijaze hapohapo, kifunge, zunguka soko nusu saa, rudi. Kikiwa kimelegea sana, kina tundu. Nyumbani utalipata kwa maji ya sabuni, povu likitoka hapo ndipo. Cha sponji kibonyeze kwa dole gumba: kama shimo linabaki, kimezeeka, kiache. Namba ya R kwenye kigodoro cha zamani, cha kabla ya hicho kipimo cha pamoja, usiiamini sana, maana kila kampuni ilijipimia yenyewe.

Na kukodi. Moshi na Arusha kuna maduka ya kukodisha vifaa. Kwa mtu anayepanda mara moja katika maisha, kukodi ni akili. Sharti ni moja: lala juu yake dukani, mkono upite chini. Watakushangaa. Waache washangae.

Na njia ya Marangu ina nyumba za kulala zenye vitanda na magodoro, Mandara, Horombo na Kibo, sio mahema. Ukiichagua kwa sababu ya mgongo wako, usikubali mtu akuite mvivu.

POSTI YA 6

"Punguza mwili kwanza."

Nimeiacha mwisho kwa sababu inavaa koti la afya, na mimi ndiye ninayevaa hilo koti kazini. Shirika la Afya Duniani linamwambia mtu mzima atembee au afanye shughuli ya wastani angalau dakika 150 kwa wiki. Halijasema "ukishakuwa mwembamba". Mama anayejiandaa kupanda mlima anatembea Jumamosi saa nne, anapanda ngazi, analala mapema. Presha yake inamshukuru, hata mizani isipotikisika. Halafu tunamlaza kwenye mati ya sentimita 2, haamki vizuri, anarudi ameapa kutorudi tena. Umemsaidia nini? Umemrudisha kwenye kochi kwa jina la afya.

Hapo kuna jambo moja la kweli ambalo sitalificha: kama mumeo au watoto wanakwambia unakoroma halafu pumzi inakatika kabisa ukiwa usingizini, nenda hospitali kabla ya kwenda mlima mrefu. Hilo sio la godoro. Wajawazito nao: safari ya mlima mrefu izungumze kliniki yako, mimi siwezi kukujibu inboksi.

Na sasa watoto, maana mnawabeba kwenda Usambara. MTOTO MCHANGA ASILAZWE JUU YA KIGODORO CHA UPEPO. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja anahitaji sehemu ngumu, bapa, isiyozama. Kigodoro cha upepo kinazama, uso unageukia kwenye kitambaa, au anateleza kwenye ufa kati ya vigodoro viwili mlivyoviunganisha, na hana nguvu ya kujitoa. Akilala kati ya wazazi wawili wazito, kigodoro kinainama upande wenu na yeye anabingirikia huko. Mlaze peke yake, chali, kwenye ile sponji ngumu, bila mto. Kwa hiyo ile mati nyembamba niliyoisema vibaya kutwa nzima, kwa huyo mdogo ndiyo sahihi. Wakubwa wa miaka sita saba wanalala popote, hao wana mifupa ya paka.

Mwaka jana niliuliza kampuni moja, jina halina haja, wana mati za upana gani. Nikajibiwa, "Mama, usijali, mati ni mati, wageni wote hawajalalamika." Mgeni aliyelipa hela yote ile na kushuka na mgongo umekufa hajalalamika kwa sababu ameona aibu. Amedhani ni yeye. Kwa hiyo msione aibu, ulizeni kabla ya kulipa. Na msiogope kwamba kigodoro kizuri kitamwongezea mpagazi mzigo: kihesabu ndani ya kilo zako ulizopewa, punguza jeans na viatu vya pili. Mzigo wa mpagazi una kikomo cha kilo 20, na aliyebeba kitanda chako anastahili heshima hiyo. Ukiwa unauliza ya kwako, uliza pia yeye analalia nini. Utajua kampuni ni ya namna gani kwa jibu hilo.

Nakuandikia ujumbe, nakili, utume WhatsApp:

"Habari. Naomba kujua kuhusu vigodoro vya kulalia: (1) unene ni sentimita ngapi, (2) upana ni sentimita ngapi, mnacho cha 64? (3) ni sponji, upepo au kinajijaza, na R ni ngapi, (4) naweza kupewa viwili, sponji chini na upepo juu, (5) naweza kuja ofisini kukijaribu kwa kulala kabla ya safari, (6) wapagazi wenu wanalalia nini? Nina kilo 105, nalala ubavu. Asante."

Kilo zako ziandike kama zilivyo. Wakikujibu namba, kaa nao. Wakikutumia picha ya kileleni na maneno ya kutia moyo, rudia swali la pili.

Waliokwisha kuulizia kampuni zao, niwekeeni majibu hapo chini bila jina la kampuni, sentimita tu. Na aliyepata kigodoro kipana Memorial wiki hii aseme yuko safu ipi, kuna mama wa Mwanga ananisumbua tangu juzi.